Rui Tavares wa Ureno: dhana potofu na ukweli kuhusu mwanahistoria aliyeingia bungeni

Kwa sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki, Ureno ni Ngome ya Yesu ya Mombasa, ni maneno kama meza na leso, na baadaye ni mkoloni ambaye FRELIMO ilipambana naye ikiwa na makao yake Dar es Salaam. Ureno ya leo, yenye vyama vyake, chaguzi zake na mabishano yake ya bajeti, hatuizungumzii sana, na kwa sababu hiyo jina la Rui Tavares linapotajwa katika Kiswahili huja limebeba makosa mengi. Ninayaandika hapa kwa sababu mwanasiasa huyu anastahili kusomwa vizuri. Kazi yake yote, darasani, gazetini na bungeni, imesimama juu ya maandishi, na anayeyapuuza maandishi hayo hawezi kumwelewa.

Kosa la kwanza ni jina lenyewe. Tavares ni jina la kawaida Ureno, na wapo waandishi kadhaa mashuhuri wanaoitwa hivyo. Gonçalo M. Tavares, aliyezaliwa Luanda mwaka 1970, ni mtunzi wa riwaya. Miguel Sousa Tavares ni mwanahabari aliyeandika riwaya maarufu kuhusu São Tomé. João Miguel Tavares ni mchambuzi wa mrengo wa kulia ambaye safu zake zilitoka katika gazeti la Público, gazeti lile lile alilokuwa akiandikia Rui, na hapo ndipo wengi hujikwaa, wakamtwika mtu wa kushoto maneno ya mtu wa kulia. Rui Tavares ni mwanahistoria, aliyezaliwa Lisbon tarehe 29 Julai 1972, miaka miwili kasoro kabla ya Mapinduzi ya Maua ya Karnesheni ya Aprili 1974 kuuangusha utawala wa kiimla. Vitabu vyake ni vya historia na insha za siasa, pamoja na tamthilia moja, O Arquitecto, kuhusu Minoru Yamasaki, msanifu wa majengo pacha ya New York.

Wengine hudhani kwamba vitabu hivyo ni pambo la mwanasiasa, vile ambavyo wakubwa wengi huandikiwa ili wapate la kuzindua wakati wa kampeni. Mpangilio wa miaka unakanusha. Kitabu kilichompa jina, O Pequeno Livro do Grande Terramoto, kilitoka mwaka 2005, miaka minne kabla hajagombea cheo chochote. Ni kitabu kifupi kuhusu tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu na mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika, watu wakakimbilia ukingo wa mto Tagus kutafuta mahali pa wazi, na huko huko mawimbi ya tsunami yakawakuta. Kisha moto ukateketeza kwa siku kadhaa kile kilichosalia, ikiwemo maktaba ya mfalme na jumba la opera lililokuwa limefunguliwa miezi michache tu kabla. Wanafalsafa wa Ulaya nzima walibishana juu ya maana ya janga lile.

Kutoka hapo akaingia katika mada ngumu zaidi, aliyoiandikia tasnifu yake ya udaktari Paris: udhibiti wa vitabu Ureno katika karne ya 18. Na hapa yeye mwenyewe anavunja dhana potofu ambayo wengi wetu tunayo, kwamba mdhibiti wa vitabu ni mjinga anayeogopa kusoma. Real Mesa Censória, chombo kilichoundwa mwaka 1768 chini ya waziri Marquês de Pombal ili kulinyang'anya Kanisa mamlaka ya kupiga vitabu marufuku, kilikuwa na watu wasomi sana, na mmoja wa marais wake, Frei Manuel do Cenáculo, alikuwa mpenzi wa vitabu na mwanzilishi wa maktaba. Walizisoma fikra mpya za Ulaya, wakazielewa, wakaandika maoni yao kwa ustadi, kisha wakaamua wengine wasizisome. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, O Censor Iluminado, kilitoka mwaka 2018. Mimi naona ndicho kitabu chake chenye uzito kuliko vyote, kwa sababu kinamwonyesha msomaji kwamba elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mpenda uhuru.

Sasa tuje kwenye tuhuma inayorudiwa kuliko zote: kwamba alikisaliti chama chake. Mwaka 2009 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya kupitia orodha ya Bloco de Esquerda, chama cha mrengo wa kushoto kilichopata viti vitatu kati ya 22 vya Ureno, vingine viwili vikienda kwa Miguel Portas na Marisa Matias. Aligombea kama mgombea huru ndani ya orodha hiyo. Hakuwa mwanachama wa Bloco, jambo lililojulikana wazi tangu mwanzo. Mwezi Juni 2011, baada ya kutofautiana hadharani na kiongozi wa chama, Francisco Louçã, aliyemhusisha na taarifa yenye makosa gazetini kuhusu waasisi wa Bloco, Tavares alisema kuaminiana kumekwisha, akaondoka, akajiunga na kundi la vyama vya Kijani akiwa bado huru. Kwa hiyo neno kuhama chama halimhusu.

Hata hivyo nisiwe mwepesi kumtetea kupita kiasi. Nchini Ureno mpiga kura hachagui mtu, huchagua orodha ya chama, na waliolalamika kwamba kiti kile kilipatikana kwa kura za Bloco walikuwa na hoja ya haki ambayo haijibiwi kwa kusema tu kwamba hakuwa na kadi ya uanachama. Ninachokikataa ni madai kwamba alibaki na kiti ili apate posho. Katika kipindi hicho alikuwa akitenga sehemu ya mshahara wake kufadhili masomo na utafiti wa vijana, na kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Ulaya ilikuja baada ya kuondoka.

Kazi hiyo ni ripoti kuhusu Hungaria, ambayo nayo imezungukwa na makosa. Inasemwa kwamba Rui Tavares ndiye aliyeiwekea Hungaria vikwazo. Hakuna vikwazo vilivyotokana na ripoti ile, na Bunge la Ulaya halikuwa na uwezo wa kuviweka peke yake. Tangu Viktor Orbán apate theluthi mbili ya viti vya bunge la nchi yake mwaka 2010, katiba mpya ilikuwa imeandikwa na kurekebishwa mara kwa mara, vyombo vya habari vikawekwa chini ya baraza jipya, na umri wa kustaafu majaji ukashushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62, hatua iliyowatoa kazini majaji wengi wazoefu kwa mkupuo na ambayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliihukumu kuwa kinyume cha sheria mwezi Novemba 2012. Serikali ya Hungaria ilikuwa na jibu kwa kila jambo: sheria kama hii ipo nchi fulani, na ile ipo nchi nyingine. Ripoti ya Tavares ilikataa kuzihesabu sheria hizo moja moja. Ilisema ziwekwe pamoja mezani, na zikiwekwa pamoja zinaonyesha mwelekeo mmoja wa kuhodhi madaraka.

Ripoti ilipitishwa tarehe 3 Julai 2013 kwa kura 370 dhidi ya 249, na wajumbe 82 hawakuegemea upande wowote. Siku moja kabla, Orbán mwenyewe alifika bungeni Strasbourg kujitetea. Pendekezo kuu la ripoti lilihusu udhaifu ambao Umoja wa Ulaya ulikuwa haujataka kuukiri. Nchi inayoomba uanachama hukaguliwa kwa vigezo vya Copenhagen vya mwaka 1993, demokrasia, utawala wa sheria, haki za walio wachache. Ikishaingia, ukaguzi unakwisha, kama mtu anayepekuliwa mlangoni kisha akaachwa afanye atakalo ndani ya nyumba. Tavares alipendekeza kuwe na chombo cha kudumu cha kuwakagua walio ndani. Chombo hicho hakikuundwa kama alivyotaka. Mwaka 2018 ripoti nyingine, ya mbunge wa Uholanzi Judith Sargentini, ndiyo iliyoanzisha rasmi mchakato wa kifungu cha 7 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, kinachoweza kuinyima nchi mwanachama haki ya kupiga kura, dhidi ya Hungaria, na wanaozichanganya ripoti hizi mbili wanampa Tavares sifa isiyo yake huku wakimnyima iliyo yake, yaani kuliona tatizo miaka mitano mapema na kuliandika kwa lugha ambayo wanasheria wangeweza kuitumia.

Kuna pia wanaodhani kwamba chama chake, LIVRE, maana yake ni kitabu. Wanaokijua Kifaransa wana haki ya kukosea, lakini kwa Kireno livre ni huru na kitabu ni livro. Kosa zito zaidi ni kukiita chama cha kwanza cha kijani Ureno. Kabla yake kilikuwepo chama cha Os Verdes, kilichoanzishwa mwaka 1982 na kilichozoea kugombea kwa mwavuli mmoja na Wakomunisti hadi kilipokosa kiti mwaka 2022. Kikaja PAN, chenye kutetea wanyama na mazingira, ambacho hakijitambulishi kama cha kushoto wala cha kulia. LIVRE, kilichofanya kongamano la kuasisiwa mapema mwaka 2014 na kuchukua ua jekundu la popi kama alama, kilitaka kuunganisha mambo ambayo kushoto ya Ureno haikuwa imezoea kuyaunganisha: uhuru, usawa, ikolojia na mapenzi ya wazi kwa Umoja wa Ulaya. Wagombea wake hupatikana kwa mchujo ulio wazi hata kwa wasio wanachama. Utaratibu huo una misukosuko yake, ila unatosha kujibu wanaosema kwamba chama ni mali ya mtu mmoja, na mwaka 2025 Tavares alikuwa akishirikiana nafasi ya usemaji wa chama na Isabel Mendes Lopes.

Wapo wanaoamini kwamba aliingia Bunge la Ureno mwaka 2019. Aliyeingia mwaka huo ni Joacine Katar Moreira, mzaliwa wa Guinea-Bissau, mbunge wa kwanza wa LIVRE. Kisa chake kinasimuliwa vibaya pande zote. Uhusiano wake na uongozi wa chama uliharibika tangu Novemba 2019, alipojizuia katika kura ya kulaani mashambulizi ya Israeli huko Gaza, na mwishoni mwa Januari 2020 chama kikamwondolea imani. Lakini chama hakikumfukuza bungeni, kwa sababu hakiwezi: kiti ni cha mbunge, na alikikalia kama mbunge asiye na chama mpaka muhula ulipokwisha. Katika siku hizo hizo, baada ya kupendekeza kwamba vitu vya sanaa vilivyochukuliwa makoloni virudishwe vilikotoka, kiongozi wa Chega, chama cha mrengo mkali wa kulia, alisema arudishwe yeye katika nchi yake ya asili. Mwafrika anayeisoma habari hii hawezi kuipita kama ugomvi wa kawaida wa wanasiasa. LIVRE ilikuwa na haki ya kudai nidhamu ya msimamo wake, na mbunge wake alikuwa akipigwa kwa sababu ya rangi yake kwa wakati mmoja. Mambo yote mawili ni kweli.

Tavares mwenyewe alishindwa mara nyingi kabla ya kushinda. Alikosa kiti cha Ulaya mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na orodha ya mwaka 2015 haikupata hata asilimia 1 ya kura. Mwaka 2021 akawa diwani wa Lisbon kupitia muungano na Wasoshalisti, uchaguzi ambao muungano huo ulishindwa kulitwaa jiji. Hatimaye, tarehe 30 Januari 2022, alichaguliwa mbunge wa Lisbon, peke yake kwa chama chake kati ya wabunge 230.

Hapo ndipo ilipozaliwa dhana ya mwisho, kwamba mbunge mmoja si kitu, hasa pale Wasoshalisti wa waziri mkuu António Costa walipokuwa na wingi kamili na hawakuhitaji kura ya mtu. Tavares alijizuia kuipinga bajeti, na waliomtazama kwa mbali wakasema amejiuza bure. Waliozisoma bajeti zenyewe wanajua alichopata: majaribio ya wiki ya kazi ya siku nne, yaliyofanyika mwaka 2023 na kampuni takriban 40, na tiketi ya mwezi ya treni za mikoani nchi nzima, iliyoanza Agosti 2023 kwa euro 49. Mwaka 2024 wabunge wa LIVRE wakawa wanne, na mwaka 2025, Bloco ikibaki na kiti kimoja na Chega ikipanda hadi nafasi ya pili, wakawa sita.

Tiketi ile haikufa serikali ilipobadilika. Serikali ya kulia ya Luís Montenegro iliirekebisha mwezi Oktoba 2024, ikashusha bei hadi euro 20 na kuiongezea treni za masafa marefu, isipokuwa zile za kasi zaidi za Alfa Pendular. Abiria anayeinunua leo dirishani katika stesheni ya Santa Apolónia haulizwi ni nani aliyeiandika kwanza katika bajeti.