Je, wajua kwa nini maduka ya kitu kimoja hujazana mtaa mmoja?

Mtu akitangaza nyumbani kwamba anataka kufungua duka, swali la kwanza ataulizwa kama huko anakokwenda kuna wengine wanaouza kitu hicho hicho. Akisema hakuna hata mmoja, atapongezwa. Akisema wako thelathini mtaa mmoja, atapewa pole mapema.

Sasa nenda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi wa samani. Vitanda vimeegemea makochi, makochi yanagusana na kabati za jirani, na ukisimama kidogo mbele ya meza ya huyu, yule wa pili ameshaanza kukuita bosi. Nairobi, vipuri vya magari viko Kirinyaga Road, vifaa vya umeme Luthuli Avenue, mitumba Gikomba, masufuria na majiko Kamukunji. Mombasa leso zina mtaa wake, Biashara Street. Wenye maduka haya wanajua kuhesabu. Wangeweza kutafuta mahali pa peke yao, tena kwa kodi nafuu. Badala yake wanalipa kodi kubwa, na mahali pengine kilemba (malipo ya kuachiwa nafasi) juu yake, ili wapate fremu, yaani chumba cha duka, inayopakana ukuta na mshindani.

Jibu la haraka ni kwamba watu wanafuata mkumbo. Lina ukweli ndani yake na tutalirudia, lakini halitoshi. Mkumbo unaweza kueleza kwa nini mtu aliingia. Hauelezi kwa nini anakaa miaka kumi na mitano huku akilipa kodi ya juu kila miezi sita.

Hofu ya washindani inatokana na hesabu moja rahisi: wateja mia, maduka thelathini, kila duka wateja watatu na kidogo. Kugawanya hakuna kosa. Kosa liko kwenye ile mia, kuichukulia kama imekwisha kupangwa na itabaki mia hata maduka yakiongezeka au yakipungua.

Kwa baadhi ya bidhaa ni kweli inabaki. Mtaa wenye kaya mia mbili hauli chumvi zaidi kwa sababu maduka yamekuwa manne. Chumvi, sabuni, vocha, mkate wa asubuhi: mtu hununua pale palipo karibu, na duka la pili likifunguliwa ng'ambo ya barabara linakula kwenye sahani ya la kwanza. Kochi ni habari nyingine. Anayenunua kochi hatoki mtaa ule. Anatoka Mbagala, Kibaha, hata Morogoro. Kabla ya kutoka nyumbani amejiuliza wapi atakuta mengi ya kutazama. Wateja wa kochi ni wengi Keko kwa sababu mafundi ni wengi Keko. Mmarekani Melvin Copeland aliandika juu ya tofauti hii mwaka 1923, alipotenga bidhaa zinazonunuliwa kwa wepesi na zile ambazo mnunuzi huzunguka kwanza akilinganisha bei, ubora na mtindo. Ukipima wazo la biashara, swali la bidhaa yako iko kundi gani linatangulia swali la washindani ni wangapi, maana majibu ya la pili hugeuka kabisa kutegemea la kwanza.

Hofu ya washindani ina pacha wake, nao ni imani kwamba mahali patupu ni fursa. Mahali panaweza kuwa patupu kwa sababu hakuna aliyepaona. Panaweza pia kuwa patupu kwa sababu watatu wameshajaribu wakafunga. Au mahitaji yapo, ila watu wa pale wamezoea kwenda mjini Jumamosi na hawana mpango wa kuacha. Kwa macho, hali hizi tatu hazitofautiani hata kidogo: zote ni fremu iliyofungwa, imepakwa rangi mpya, na namba ya simu ya dalali imeandikwa mlangoni kwa chaki. Ukiangalia vizuri wakati mwingine utaona herufi za SALUNI zinachungulia chini ya rangi, na chini ya SALUNI kuna duka la dawa. Mwenye nyumba hatakueleza habari hiyo. Muulize fundi cherehani wa barazani, au mama lishe wa ng'ambo, ambaye amewaona wote wakija na mapazia mapya na kuondoka na madeni. Cha kuuliza hasa ni nani alikuwa hapa, alikaa muda gani, na alihamia wapi. Hilo la mwisho lina uzito. Aliyehamia fremu kubwa zaidi mtaa wa pili anasimulia habari tofauti kabisa na aliyerudi kwao.

Turudi kwenye kujazana. George Stigler, aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 1982, aliandika mwaka 1961 kwamba kutafuta bei nzuri kuna gharama yake, na kwamba tangu zamani masoko ya mahali pamoja yamekuwa njia ya kupunguza gharama hiyo. Hapo hakuna la kushangaza, kila mtu anajua kuzunguka kunachosha. Jambo la ajabu lilikuja miaka kumi baadaye. Mwaka 1971 Peter Diamond, ambaye naye alipata Nobeli baadaye, mwaka 2010, alionyesha kwa hesabu kwamba ikiwa mnunuzi anagharamika kila anapotoka duka moja kwenda jingine, hata gharama hiyo ikiwa ndogo sana, na maduka yametawanyika, basi kila duka litapandisha bei hadi pale ambapo lingeuza kama lingekuwa peke yake mjini. Maduka yako hamsini, na ushindani ni kama haupo.

Inakuwaje? Mfuate mteja mmoja anayetaka kochi. Tuseme safari ya kwenda dukani na kurudi inamla shilingi 2,000 na nusu siku. Ameshafika kwako, uko peke yako eneo zima. Anajua akitoka mikono mitupu atalipa nauli nyingine na nusu siku nyingine, kwa hiyo unaweza kumwongezea shilingi 2,000 na bado ikamfaa kununua hapo hapo. Muuzaji wa upande wa pili wa jiji anawaza vilevile, naye anaongeza. Sasa bei ya kawaida imepanda kila mahali, na wewe unaweza kuongeza tena juu yake, maana huko kwingine nako kumepanda. Ni kama kupanda bajaji usiku bila kupatana bei: ukishafika mlangoni, nguvu yako ya kubishana imebaki kule ulikopandia.

Mteja naye si mjinga. Anajua yote haya kabla ya kutoka kwake, na ndiyo maana haji. Muuzaji wa peke yake anaweza kuapa kwa Mungu kwamba bei yake ni ya haki, na huenda ni ya haki kweli, lakini hana namna ya kuthibitisha, kwa kuwa mnunuzi akishafika kila kitu kinamshawishi muuzaji kuongeza. Aliyezungukwa na washindani thelathini hahitaji kuapa. Hatua tatu kando kuna mwingine, naye anaita. Mwaka 1990 mwanauchumi Marc Dudey aliandika hoja hii wazi: wauzaji wanaweza kuchagua kwa hiari yao kukaa pamoja, wakijua bei zitabanwa, kwa sababu bei kubanwa ndiko kunakowaleta wateja. Yaani mshindani wako ndiye mdhamini wako mbele ya mtu ambaye bado hajatoka nyumbani.

Hata mtandaoni jambo hili linaonekana. Fungua ukurasa wa muuza nguo au simu wa Dar es Salaam kwenye Instagram: anatuma bodaboda hadi Goba, lakini mara nyingi mwisho wa tangazo ameandika tupo Kariakoo, mtaa fulani. Mteja hatakwenda huko. Ila kujua kwamba angeweza kunamtuliza.

Kuna maelezo mengine ya zamani zaidi, nayo hutajwa sana kuliko yanavyostahili. Mwaka 1929 mwanauchumi Harold Hotelling aliandika kwamba wauzaji wawili wa kitu kimoja kwenye barabara moja watasogeleana hadi wakutane katikati, kila mmoja akijaribu kumnyang'anya mwenzake wateja wa upande wake. Hoja ni tamu na imerudiwa vitabuni kwa miaka hamsini. Halafu mwaka 1979 wanauchumi watatu, d'Aspremont, Gabszewicz na Thisse, walionyesha kwamba haisimami ikiwa wauzaji hao wanaruhusiwa pia kushindana kwa bei: wakikaribiana mno kwa bidhaa zinazofanana kabisa, watakatana bei bila kituo, na kila mmoja atakuwa na sababu ya kukimbia. Kwa hiyo ya Hotelling yafaa zaidi pale bei imepangwa na mtu mwingine. Na mfano wake tunao mzuri kuliko aliokuwa nao yeye, mawakala wa pesa za simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ada rasmi inapangwa na kampuni, ni ileile kwa wakala wa stendi na wa kijijini. Kilichobaki kushindania ni mahali, na hao wote wamejipanga stendi, mwavuli kwa mwavuli. Mmoja akisema floti (akiba yake ya kufanyia miamala) imeisha, anamwelekeza mteja kwa jirani, na kesho jirani atarudisha fadhila.

Sasa tahadhari, maana ziko kadhaa. Kuona maduka mengi pamoja hakuthibitishi kwamba yote yanalipa. Baadhi yako pale kwa sababu mamlaka iliwapanga hapo. Mengine yanakaa karibu na malighafi na mafundi. Mwanauchumi Alfred Marshall alishaandika mwaka 1890 kwamba ufundi ukikaa mahali pamoja siri zake huwa kama ziko hewani, na kijana anayekulia Keko hujifunza kupiga randa bila kuandikishwa popote. Mengine ni kuiga tu, ule mkumbo tulioutaja: jirani ameweka friji ya barafu, na wewe unaweka. Sababu hizi huchanganyika mtaa mmoja, na kuzitenganisha kwa kutazama tu ni kazi ngumu hata kwa watafiti. Tena wapo wenye maduka ambao hawajilipi mshahara wala hawahesabu saa zao, hivyo biashara inaonekana hai wakati inakula nguvu ya mwenyewe na ya mdogo wake aliyeletwa kutoka kijijini.

Kujazana nako kuna bei. Chukua mfano wa kubuni. Duka la viatu pembeni ya mji, kodi na gharama za kudumu shilingi 300,000 kwa mwezi, faida shilingi 4,000 kwa jozi. Linahitaji kuuza jozi 75 ili lisile mtaji. Kwa siku 26 za kazi, karibu jozi tatu kwa siku. Duka kama hilo kwenye mtaa wa maduka ya viatu, gharama 1,500,000, na kwa sababu ya ushindani faida imeshuka hadi 3,000. Sasa ni jozi 500, yaani 19 au 20 kwa siku. Huwezi kusema lipi ni bora hadi uende ukahesabu watu, na wengi huhesabu kundi lisilo sahihi. Wanaopita njiani hawakusaidii sana, wanaoingia dukani wanasaidia kidogo. Hesabu wanaotoka na mfuko mkononi. Kaa kibandani kwa muuza kahawa mchana wa Jumanne na tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, halafu gawanya mifuko kwa idadi ya maduka. Kama wastani ni mifuko minane kwa duka na wewe unahitaji 19, umepata jibu kwa gharama ya kahawa. Kama wastani unatosha, kumbuka bado ni wastani: wenye kona na wenye wateja wao wa miaka wanakula kuliko mgeni, na miezi ya kwanza mgeni ni wewe.

Kariakoo wana njia nyingine ya kupima, nayo haikuandikwa na profesa yeyote. Ni uwinga. Winga hana duka wala mzigo. Anamdaka mteja njiani, anamuuliza anataka nini, anamwingiza kwenye fremu ya mtu, na cha juu ni chake. Hata wenye maduka hufanya hivyo kimyakimya: ukiomba kiatu namba 42 na hana, atakwambia subiri kipo stoo, kijana atatoka mbio, na stoo hiyo ni duka la jirani. Kwa namna hiyo fremu ndogo ina mzigo wa mtaa mzima, faida nyingine ya kupakana na mshindani ambayo aliye peke yake hana.

Anayewaza kufungua duka mtaa kama huo anaweza kuanza hivyo hivyo: mwezi au miwili ya uwinga kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Atajua namba zipi zinaulizwa na hazipatikani, bei ya mwisho kabisa ambayo muuzaji anakubali, na nani anatoa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye, kwa sura ngeni. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba kinafaa tu pale ambapo maduka yameshajazana. Kwenye fremu ile yenye SALUNI chini ya rangi hakuna wa kumfanyia uwinga.