Solo ya watu: wapi nakopi kama sahani, wapi najiachia

Sisi wapiga gitaa wa bendi za kukopi, yaani zinazopiga nyimbo za watu, tunagombana kwa mengi, ampu ipi nzuri, waya namba ngapi, nani kachelewa saundcheki, lakini ugomvi usioisha ni huu hapa: solo maarufu, kile kipande gitaa linapoimba lenyewe, unaipiga vilevile kama kwenye sahani ya santuri au unaweka ya kwako? Mimi nimepiga solo miaka kumi na kitu, hoteli za ufukweni hapa Dar na baa za uswahilini, Ijumaa wazungu Jumamosi zilipendwa, na nimeshaumbuka kotekote, kwa kukopi nimeumbuka na kwa kujiachia nimeumbuka.

Niliyoumbuka kwa kujiachia ilikuwa Hotel California, wimbo wa bendi ya Eagles. Mzee mmoja wa kizungu kakaa meza ya mbele na mkewe, tulipofika kule mwisho gitaa linapoingia akaweka bia chini, akanyanyua mikono akaanza kupiga gitaa la hewani, macho kayafumba kabisa. Mimi nikajisemea leo ndo leo, nikapiga mistari miwili kama ilivyo halafu nikatoka na vitu vyangu, spidi, mapambo, kila nilichojifunza wiki ile. Kuja kumtazama yule mzee, mikono iko juu lakini vidole vimesimama. Kapotea. Akaishusha taratibu, akachukua bia yake. Hakuna aliyezomea, tena mpiga dramu wetu akaniambia kaka leo umetisha, ila mimi nilijua nimemnyang'anya mtu kitu chake.

Maana solo ile ni wimbo ndani ya wimbo. Anaanza Don Felder, anapokea Joe Walsh, wapiga gitaa wa Eagles, wanajibizana, huku chini kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni zilezile za beti, Bm, F#, A, E, G, D, Em halafu F# tena, na mwisho magitaa mawili yanakutana yanapanda na kushuka kwenye noti za kodi pamoja. Felder mwenyewe ameshasimulia: walipokwenda kurekodi Miami mwaka 1976 yeye akaanza kubuni solo mpya, Don Henley mwenzake wa bendi akamkatalia, akataka vilevile kama kwenye demo, ile rekodi ya majaribio, na demo kaiacha nyumbani California, ikabidi apige simu, mfanyakazi wa nyumbani akaweka kaseti kwenye redio na kusogeza mkonga wa simu kwenye spika, jamaa akajifunza upya solo yake mwenyewe kwa kuisikilizia kwenye simu. Yaani mwenye solo kaambiwa ajikopi! Sasa mimi wa Dar es Salaam naanzaje kuibadilisha.

Ila msikimbilie kusema basi zote ni kukopi, kwa sababu wapo wenye solo ambao wenyewe hawajikopi. Jimmy Page wa Led Zeppelin ile solo ya Stairway to Heaven, ya mwaka 1971, alipiga mara tatu studio, kila mara tofauti, ikachaguliwa moja, na jukwaani hakuwahi kujifunga nayo. Mark Knopfler wa Dire Straits, Sultans of Swing ya studio ni dakika kama sita hivi, lakini ile ya jukwaani waliyorekodi London mwaka 1983 inapita dakika 10, na humo katikati kuna vitu ambavyo kwenye sahani ya kwanza havipo kabisa. David Gilmour wa Pink Floyd ndo kiboko, Comfortably Numb alipiga solo kadhaa, akakaa kusikiliza, akaweka alama sehemu zilizomkaa, zikaunganishwa zikawa moja. Kwa hiyo mtu akikuambia piga kama original, muulize original ipi, maana hiyo unayoihangaikia noti kwa noti pengine mwenyewe hakuipiga hata kwa mkupuo mmoja.

Kipimo changu mimi ni mdomo wa watu. Kama mtu asiyejua hata kushika gitaa anaweza kuiimba solo hiyo kwa mdomo akiwa anaosha gari, basi hiyo imeshakuwa mali yake, usiiguse. Ukiona wanaimba mwanzo tu halafu katikati wanajaza jaza nananana, hapo katikati ndo pako.

Sultans kwa mfano, kule mwisho kabisa kwenye zile noti za haraka juu ya Dm, Bb na C, hapo hugusi, watu wanazisubiri toka wimbo unaanza. Kabla ya hapo mimi huwa natembea ninavyotaka na sijawahi kulalamikiwa.

Sasa njoo Jumamosi. Kule niliumbuka kwa kukopi. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya sebene moja ya Kikongo ya zamani, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, nimeishika yote toka mwanzo mpaka mwisho, najisifu kabisa, tukaipiga baa, tukaimaliza pale sahani inapoishia. Watu ndo kwanza wanaanza kutoka jasho! Mama mmoja alikuwa katikati ya uwanja na noti ya elfu kumi mkononi, anakuja kutunza, akasimama akatuuliza kwa sauti, mbona mmetukatisha? Hela ikarudi kwenye pochi, na mpaka leo wenzangu hawajanisamehe ile elfu kumi.

Kosa langu ni kusahau kwamba sahani zile ndogo za 45 kila upande una dakika chache tu, ndo maana wimbo mmoja walikuwa wanaukata sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Unachosikia ni sampuli. Ukumbini sebene inaendeshwa na miguu ya watu, unapiga kipande kimoja unakirudia mpaka uone wamekizoea, kabla hawajakichoka unaingiza kingine. Na msidhani hapo uhuru ni wa kupiga noti nyingi, hapana, chini yako kuna rizimu, gitaa la kushikilia mdundo, na juu yake mi-solo, gitaa la kati, wote wameshonana na wewe, ukikurupuka ukaenda kivyako unaacha shimo na wachezaji wanalisikia kwenye kiuno kabla hata ya sikio. Uhuru wako ni kujua lini ubadilishe.

Sina Makosa ya Les Wanyika, wale waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978, hiyo iko katikati. Besi ya Tom Malanga na rizimu ya Profesa Omar Shabani zikisogezwa kidogo tu wazee wote baa nzima wanageuka, gitaa la solo nalo vile linavyoingia ni lazima liingie vilevile. Lakini huko mbele watu wakishaanza kucheza nakuwa na nafasi kubwa tu.

Kujifunza kwenyewe siku hizi naanza bila gitaa. Siku tatu nne nasikiliza tu kwenye daladala mpaka niweze kuiimba yote, halafu nikishika gitaa natafuta nguzo, noti ambazo mtu akizikosa anashtuka, mara nyingi ni pale waya unapovutwa au noti inaposimama muda mrefu. Nguzo napiga kwa waya uleule na freti ileile, kile kichuma cha shingoni mwa gitaa, maana noti moja ukiipiga waya wa pili au wa tatu haitoi sauti sawa. Vya kupita katikati, kama kidole changu kinataka njia nyingine nakiruhusu. Na kunyamaza pia ni nguzo, vijana wengi noti zote wanazo, ila pale mwenyewe alipovuta pumzi wao wanapajaza.

Kinachonisumbua bado ni ule mwisho wa Hotel California wa magitaa mawili, bendi yetu gitaa la solo ni moja. Sauti ya pili namwachia mpiga kinanda, anaweka saundi ya gitaa na kwa mbali inakaa vizuri tu. Ijumaa iliyopita alisahau kubadilisha, akaingia nayo kwa saundi ya tarumbeta mpaka mwisho, na meza zote zikapiga makofi kuliko siku zote.