Boksi lililooza bado si mboji

Wiki hii nimelisikia mara tatu, hili la kwamba boksi ukiliacha lioze tayari ni mboji. Mara ya tatu lilitoka kwa jirani yangu hapa Tabata, aliyeegemeza maboksi ya feni na friji ukutani nyuma ya jiko tangu masika na kuyaacha yanyeshewe. "Natengeneza mboji," akaniambia. Nikachungulia. Maboksi yamelegea, chini yamejaa mchwa, na selotepu inang'aa kama siku yalipotoka dukani.

Mboji, kwa kifupi, ni mabaki ya mimea yaliyooza penye hewa na unyevu mpaka hujui tena lipi lilikuwa jani na lipi ganda. Ni nyeusi, chengachenga, inanukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Basi. Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuharibika, nasi tunayachanganya kama mbaazi na kunde. Mbao huoza, samaki huoza, jino huoza. Neno hilo halisemi lolote kuhusu kinachobaki baadaye. Kuvunda ni habari nyingine, maana humo ndani mna uvundo, ile harufu inayokufanya ufunge dirisha. Maganda mabichi ukiyashindilia kwenye ndoo yenye mfuniko yatavunda, kwa sababu hewa haipiti, na bakteria wasiohitaji hewa ndio wanaotamba humo.

Halafu kuna kuvundika, na hili ndilo nilipendalo. Anayevundika ndizi hataki zioze hata kidogo. Anazifunika kwa majani au gunia, joto likae, ziive. Kwa hiyo mabwana shamba wanaposema "mboleavunde", yaani mboji hiyohiyo, wengine husikia uvundo wakaziba pua. Mzizi ni mmoja, sikatai, lakini mimi nasikia kuvundika zaidi: kukusanya, kutunza joto, kusubiri. Na joto lipo kweli. Katikati ya rundo lililotengenezwa vizuri linaweza kupita nyuzi 55, mkono ukautoa mbio.

Samadi nayo imeingizwa humohumo. Kwa Waarabu, samadi ni mbolea yoyote, hata ya kiwandani. Sisi tulipolichukua neno tukalibana likabaki kinyesi cha mifugo. Hivyo kile kiroba cha mavi ya ng'ombe unachouziwa barabarani kwa wauza maua, ukiambiwa ni mboji, ni samadi. Inaweza kuingia kwenye mboji, na inaisaidia sana, lakini jina lake inalo.

Turudi kwenye boksi. Boksi lina kaboni tele na nitrojeni ya kuhesabu kwa vidole. Vijidudu vya kwenye rundo hufanya kazi vizuri vikipata sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Boksi peke yake lina mamia kwa 1. Ukiliacha hivyohivyo litaoza, ndiyo, kwa mwendo wa kinyonga, na kwa Dar es Salaam hii mchwa watakuwahi. Lichanwe vipande vya ukubwa wa kiganja, lilowekwe, lichanganywe na maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha, majani ya chai, kisha ligeuzwe kila baada ya siku kadhaa. Gundi inayoshika yale mawimbi ya ndani mara nyingi ni ya wanga, isikutie hofu. (Lililo safi na kavu, kama huna bustani, mpe kijana wa mkokoteni. Lina bei.)

Na vingine vinavyofanana na boksi havimo kabisa. Pakiti ya maziwa ya kukaa muda mrefu ina tabaka za plastiki na alumini. Kikombe cha karatasi cha kahawa kimepakwa plastiki ndani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi dukani, ni karatasi yenye kemikali za kuchapwa kwa joto, usiitupie mboga zako. Ile mifuko iliyokuja baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, inayoshikika kama kitambaa, mingi ni polipropilini, yaani plastiki ileile kwa sura nyingine. Nimeikuta kwenye marundo ya watu wenye nia njema kabisa, imechanikachanika nyuzinyuzi, na mwenyewe anasema, "Unaona, inaoza." Imesagika tu. Vipande vyote bado vimo.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo hii yangu tuiite nini?"

"Maboksi, shangazi. Kwa sasa bado ni maboksi. Tuanze kwa kubandua selotepu, mimi nitaleta maganda."