Bakteria Wanaotengeneza Mafuta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila baada ya muda huzuka habari kwamba wanasayansi wamepata bakteria aliyepandikizwa jeni anayetoa petroli. Habari inasambaa, watu wanauliza mbona visima vya mafuta bado vinachimbwa, kisha kimya. Wapo wanaohitimisha kwamba ulikuwa uzushi, na wapo wanaoamini kuna wakubwa wameifukia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinatazama mahali pasipo. Bakteria mara nyingi hufanya alichotumwa. Kinachogoma ni hesabu za kiwandani: bei ya sukari, na nishati ya kutenganisha bidhaa na maji.

Dhana: hii ni teknolojia ya juzi

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilihitaji asetoni, kimiminika cha kuyeyushia vitu, kwa ajili ya baruti isiyo na moshi. Mwanakemia Chaim Weizmann aliipata kwa kuchachusha wanga akitumia bakteria wa jenasi Clostridium, bila kugusa jeni hata moja. Kilichokuja baadaye ni uwezo wa kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, uliothibitishwa ndani ya E. coli, bakteria wa utumboni, mwaka 1973. Mwaka 1991 Marekani ilitoa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) namba 5,000,000, na ilikwenda kwa kazi ya kumpa E. coli jeni mbili za bakteria mwingine, Zymomonas mobilis, ili atoe ethanoli, kileo kinachoweza kuchomwa kama mafuta. Ni zaidi ya miaka 30 sasa.

Dhana: bakteria ndio wanaofanya kazi, kwa hiyo mafuta ni ya bure

Bakteria haumbi kaboni. Lazima alishwe, na kwa kawaida analishwa sukari. Gramu 180 za glukosi, zikichachushwa bila kupotea hata chembe, hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Karibu nusu ya uzito inaondoka kama gesi, na hakuna jeni inayoweza kuifuta hesabu hiyo kwa njia hii ya uchachushaji. (Nishati nyingi ya sukari hubaki ndani ya ethanoli, na hilo ndilo linaloifanya biashara iwe na maana hata kidogo.) Kwa hiyo kila lita ya ethanoli inadai zaidi ya kilo moja na nusu ya glukosi, na lita hiyo ina takriban theluthi mbili tu ya nishati iliyomo katika lita ya petroli. Sukari ikipanda bei, mafuta yanapanda nayo, hata kama maabara ina bakteria hodari kuliko wote duniani.

Utaambiwa: "Basi tumieni mabua na maranda ya mbao." Jibu ni zuri, ila lina gharama zake. Sukari iliyomo humo imefungwa ndani ya selulosi, nyuzi za mmea, na kushikwa na lignini, gundi inayoupa mti ugumu; kuifungua kunahitaji joto, kemikali na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi hiyo. Kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda kikubwa cha ethanoli ya mabua ya mahindi katika jimbo la Iowa mwaka 2015, na mwaka 2017 ikatangaza kuachana nacho.

Njia inayonivutia zaidi ni ile isiyotumia sukari kabisa. Clostridium autoethanogenum, aliyepatikana kwanza katika kinyesi cha sungura, hula kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwa wingi kwenye tanuri za chuma, na kuigeuza kuwa ethanoli. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha aina hiyo, cha teknolojia ya kampuni ya LanzaTech, kilianza kazi China mwaka 2018. Ethanoli ni zao la asili la bakteria huyo. Uhandisi wa jeni uliingia ili kumfanya atoe vitu vingine, na mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya bakteria wa jamii hiyo wanaotoa asetoni na isopropanoli kutokana na gesi.

Dhana: ukishapandikiza jeni, kazi imekwisha

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, na ndipo habari za magazetini hunyamaza.

Kwa bakteria, mafuta unayotaka ni hasara. Kila molekuli ya butanoli (kileo kingine kinachoweza kuchomwa kama mafuta) anayokutengenezea ni chakula ambacho angekitumia kujigawa. Sasa fikiria tangi la lita 100,000. Ukianza na mililita moja ya bakteria, wanahitaji kujigawa karibu mara 27 ili kulijaza tangi hilo kwa msongamano uleule. Katika safari hiyo, mmoja anapata hitilafu katika jeni uliyompa na kuacha kutengeneza bidhaa. Huyo ni mtegaji: anakula kama wenzake, hafanyi kazi, na kwa kuwa hana mzigo anazaliana haraka. Tuseme mchapakazi anajigawa kila baada ya dakika 60 na mtegaji kila baada ya dakika 40. Ukiwa na mtegaji mmoja kati ya milioni, baada ya saa 20 amefikia mmoja kati ya elfu. Baada ya saa 40, wategaji ni nusu ya tangi. Hakuna kengele inayolia. Sukari inaendelea kuisha, bidhaa haiongezeki.

Ndiyo maana wahandisi hutumia muda mwingi wakifungamanisha uhai wa bakteria na bidhaa yenyewe: wanafuta jeni za njia nyingine za kutupa elektroni, ambazo seli hubaki nazo ikivunja sukari na lazima iziondoe, mpaka anayeacha kutengeneza bidhaa ashindwe kukua. Au wanamwacha akue kwanza, kisha ndipo wanawasha jeni za uzalishaji.

Halafu kuna sumu. Butanoli ikifika kati ya asilimia 1 na 2 ndani ya maji, hulegeza utando wa seli na bakteria wengi husimama. Maana yake tangi lako karibu lote ni maji, na butanoli huchemka kwenye nyuzi joto 118 za Selsiasi, zaidi ya maji yanayochemka kwenye 100. Nishati ya kuitoa humo inaweza kula faida yote.

Dhana: wakitoroka watageuka janga

Wasiwasi huu haupaswi kuchekwa, lakini uwekwe mahali pake. E. coli wa maabara wengi ni wa uzao wa K-12, uliochukuliwa mwaka 1922 kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa akipona dondakoo huko California. Baada ya miaka mingi ya kulelewa maabara amepoteza vitu vinavyomwezesha kukaa katika utumbo wa binadamu. Si yule E. coli O157:H7 anayeleta ugonjwa wa kuhara damu. Ongeza mzigo wa jeni za kiwandani, na kwenye udongo au mto anashindana na wenyeji akiwa hoi. Viwanda hata hivyo huwaua kwa joto au kemikali kabla ya kumwaga majitaka, na sheria ziendelee kulidai hilo. Meneja wa kiwanda, kwa upande wake, ana hofu ya kinyume: wageni kuingia ndani. Virusi wanaoshambulia bakteria wanaweza kuliangamiza tangi zima kwa saa chache.

Dhana: kushindwa kwenye mafuta ni kushindwa kote

Mafuta ni bidhaa ya bei ya chini inayotakiwa kwa wingi wa kutisha. Hilo ndilo soko gumu kuliko yote la kuanzia. Kampuni ya Amyris, iliyotumia hamira badala ya bakteria, iliahidi dizeli ya miwa, ikahamia kwenye viambato vya vipodozi, na mwaka 2023 ikaomba kinga ya mufilisi. Wakati huohuo, kiwanda cha Loudon, Tennessee, kimekuwa kikitoa propanedioli, kemikali ya kutengenezea nyuzi na plastiki, tangu 2006 kwa E. coli mwenye jeni za hamira na za bakteria mwingine, Klebsiella. Italia, kiwanda cha Novamont kilichofunguliwa 2016 kinatoa 1,4-butanedioli, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo hakuna kiumbe wa asili anayejulikana kuitengeneza.

Dhana: kikitokana na viumbe hai, kitaoza

Molekuli haina kumbukumbu ya ilikotoka. Tangu 2010 kampuni ya Braskem ya Brazili hutengeneza polithini, plastiki ya mifuko, kwa ethanoli ya miwa. Kaboni yake imetoka hewani kupitia mmea, na hilo ni jambo jema, lakini mfuko wake ukitupwa mtaroni unadumu sawasawa na ule wa mafuta ghafi.