Vidole Vinawasha Nikishika Kompyuta: Maswali na Majibu Kuhusu Kibodi, Mausi na Mionzi

Arusha na Moshi kuna watu wengi wanaokula kwa kibodi: wachapaji wa steshenari, wahasibu wa kampuni za utalii, makarani, wanafunzi wanaomalizia tasnifu zao. Baadhi yao husema kompyuta "inawapiga mionzi": kichwa kinagonga, ngozi ya uso inachoma, vidole vinawasha, usingizi unakata. Wakiingia mtandaoni kutafuta nafuu wanakutana na kibodi na mausi za "mionzi midogo" kwa bei ya kununua mbuzi wawili. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Swali: Shikamoo daktari. Nina steshenari Ngarenaro. Laptopu yangu ina bodi ya chuma, na nikiweka mikono juu yake nasikia kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi. Nikichomoa chaja, hali inaisha papo hapo. Si ndiyo mionzi hiyo?

Jibu: Marahaba, mama. Hapana, huo ni umeme wa kawaida, na kitendo chako cha kuchomoa chaja kimetoa jibu zuri kuliko kipimo chochote cha kununua.

Ndani ya chaja kuna vifaa vidogo vya kuchuja kelele za umeme. Vifaa hivyo huachia umeme kidogo sana ufike kwenye bodi ya laptopu. Soketi ikiwa na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi, na chaja ikiwa na njia ya kuufikisha huko, umeme huo unakwenda ardhini na wewe husikii kitu. Ethi isipokuwepo, unabaki pale kwenye chuma ukingoja mtu wa kupitia. Ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji, mtu huyo ni wewe. Pitisha upande wa kidole taratibu juu ya mfuniko: utasikia chuma kama kinatetema. Kiasi hicho kwa kawaida hakidhuru, lakini kinakera, na ukifanya kazi nacho siku nzima lazima uanze kuiogopa mashine.

Sasa tazama soketi yako. Soketi zetu ni za matundu matatu, lakini chaja nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili. Kila mtu anajua tunavyofanya: tunachomeka kalamu tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha pini mbili zinasukumwa ndani. Tundu la juu ndilo la ethi. Kuna pia ekstensheni za bei rahisi ambazo pini ya tatu ni ya plastiki tupu, au ndani ya waya mna nyuzi mbili tu. Na kuna nyumba ambazo fundi hakuchimbia fimbo ya ethi kabisa, au waya wake ulikatwa wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyeurudisha.

Tafuta chaja halali ya laptopu hiyo yenye waya wa pini tatu, achana na kalamu, na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, apime ethi ya chumba. Ikiwa unapigwa shoti ya kukurusha mkono, si huo mwasho mdogo, zima swichi kuu leo hii. Hapo hatuzungumzii tena kero.

Swali: Kwa hiyo ugonjwa wa kudhurika na uga wa sumakuumeme, yaani nguvu za umeme na sumaku zinazozunguka vifaa, haupo? Mimi naumwa kweli.

Jibu: Unaumwa kweli, na asikudanganye mtu kwamba unajifanya. Shirika la Afya Duniani lililitolea maelezo jambo hili mwaka 2005. Lilisema dalili ni halisi na kwa baadhi ya watu zinaweza kuwalemaza, lakini hakuna vigezo vya kitabibu vya kuupima ugonjwa huo, wala msingi wa kisayansi wa kuzihusisha dalili na uga wenyewe.

Limejulikanaje hilo? Kwa jaribio rahisi. Mtu anayesema anadhurika anakalishwa karibu na kifaa ambacho wakati mwingine kimewashwa, wakati mwingine kimezimwa, na si yeye wala mtafiti aliye naye anayejua. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikusanya majaribio 46 ya namna hiyo, yenye washiriki 1,175. Kwa ujumla watu hawakuweza kutambua kifaa kilipowashwa, na dalili zilikuja hata kilipozimwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza na Ujerumani walitoa ripoti ya jaribio jingine. Watu 147 walioneshwa kipindi cha televisheni; baadhi walitazama kinachotisha kuhusu Wi-Fi, wengine kisichohusiana nayo. Kisha wote wakaambiwa wanawekwa kwenye mawimbi ya Wi-Fi, ambayo hayakuwepo. Zaidi ya nusu walisema wamepata dalili, na waliotazama kile cha kutisha huku wakiwa na wasiwasi mwingi tangu mwanzo ndio walioathirika zaidi. Mwili unaotarajia kuumia huumia, tena kwa maumivu ya kweli. Ndiyo maana sipendi namna habari hizi zinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp: zenyewe zinaweza kumfanya mtu augue.

Swali: Mausi isiyo na waya inatoa mawimbi kiasi gani?

Jibu: Machache mno. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na zile za Bluetooth kwa kawaida zina nguvu ya milivati 1 hadi 2.5. Simu yako ikiwa kwenye mtandao wa 3G au 4G inaweza kufika milivati 200, na ile ya kitochi ikiwa kwenye 2G hufika hadi vati 2 kwa mapigo mafupi. Tena simu huongeza nguvu mnara unapokuwa mbali au umezibwa, kama ukiwa bondeni huko Kibosho. Angalia betri: simu inaomba chaji kila siku, mausi inakaa miezi na betri moja ndogo. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu ambayo betri yake haina.

Anayeogopa mausi huku amelaza simu kifuani usiku kucha amekosea mpangilio wa hofu.

Swali: Lakini nimesoma kwamba mawimbi ya redio yako kwenye orodha ya vitu vya saratani.

Jibu: Ni kweli, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaingiza mwaka 2011, kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Kundi hilo hilo lina dondoo ya jani zima la aloe vera. Orodha ile inapima uzito wa ushahidi uliopo. Haisemi hatari ni kubwa kiasi gani.

Swali: Sawa, nimeelewa. Lakini bado nafsi yangu haitulii. Nikitaka kupanga meza yenye mawimbi machache kadiri inavyowezekana, nifanye nini?

Jibu: Hakuna ubaya, na habari njema ni kwamba inagharimu kidogo kuliko unavyodhani. Nunua kibodi na mausi za waya, zile za kawaida za USB. Hazina kirusha mawimbi ndani yake. Zinatumia volti 5 tu, hazihitaji betri, na kwenye maduka ya mjini ndizo za bei ya chini.

Kubwa zaidi ni umbali. Ukichapa moja kwa moja kwenye laptopu, viganja vyako viko juu au karibu na betri, bodi kuu ya saketi na wakati mwingine antena. Ukichomeka kibodi ya nje na kuisogeza laptopu hadi mwisho wa mkono, umeondoka karibu na vyote hivyo kwa mpigo mmoja. Uga huu hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea, kama joto la jiko la mkaa: hatua moja nyuma na uso umeshapoa. Mawimbi ya redio, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu yake hubaki kama robo.

Kisha ingia kwenye mipangilio, uzime Bluetooth, na Wi-Fi pia ikiwa unaweza kuunganisha ruta kwa waya. Watu wengi hununua mausi ya waya wakasahau kwamba laptopu yenyewe bado inarusha mawimbi.

Zile kibodi maalumu za "mionzi midogo"? Zilizo za kweli zina tabaka la chuma la kuzuia uga, na waya wa kuupeleka kwenye ethi. Wazo lenyewe ni sahihi kifizikia. Lakini kama ukuta wako hauna ethi, tabaka hilo halina pa kupeleka kitu, na umelipa pesa nyingi kwa kibodi nzito. Anza na soketi. Viwango vya uga mdogo vilipata umaarufu enzi za kompyuta za chogo. Waswidi walianza kutoa nembo ya TCO mwaka 1992, na hofu kubwa ilikuwa kile kioo cha chogo. Vioo bapa vya leo havina bomba la chogo.

Swali: Kuna mkeka wa kuwekea mausi unaochomekwa kwenye tundu la ethi. Unafaa?

Jibu: Kwenye nyumba ambayo ethi haijapimwa, usiuguse. Waya ukiwa umefungwa vibaya, tundu la ethi linaweza kuwa na umeme, na wewe umejifunga nalo kwa hiari yako.

Swali: Nimeweka programu kwenye simu inayopima mionzi. Inasoma mikrotesla 34 mezani kwangu, Moshi. Ni hatari?

Jibu: Programu nyingi za namna hiyo zinasoma dira ya simu, na dira inaona sumaku ya dunia. Sumaku hiyo ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali, na huku kwetu karibu na ikweta ni upande wa chini. Ukienda shambani kusiko na hata nguzo ya umeme utapata namba zinazofanana na hiyo. Mawimbi ya Wi-Fi wala ya mausi dira hiyo haiyaoni kabisa.

Swali: Na vidani na stika za kuzuia mionzi?

Jibu: Stika ya kubandika mgongoni mwa simu ni stika. Vidani ni jambo zito zaidi. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilionya kuhusu bidhaa 10, zikiwemo vidani na bangili zilizouzwa kama kinga dhidi ya 5G. Zilipopimwa zilikutwa zinatoa mionzi ya nyuklia, ile inayoweza kuharibu chembe za mwili mtu akiivaa muda mrefu. Watu walikimbia mawimbi ya simu wakajivika mionzi yenyewe. Ukiwa na kidani cha "nishati" ulichouziwa kwenye semina, kivue. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara Njiro, Arusha, na kazi yake ni kusimamia masuala ya mionzi; ukiwa na shaka, waulize wao na si aliyekuuzia.

Swali: Basi kama si mionzi, kichwa na mikono vinauma kwa nini?

Jibu: Hapa ndipo ningependa watu watumie nguvu zao.

Macho kwanza. Mtu akikodolea kioo hupepesa kidogo, macho yanakauka, yanachoma, kichwa kinafuata. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali kwa sekunde 20. Kuna siku mlima unaonekana, utazame. Taa za mirija zinazopepesa nazo huchosha. Ukiwa na zaidi ya miaka 40 na hujapima macho, kapime kabla ya kununua chochote.

Mikono ina lugha yake. Ganzi au mwasho kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ukikuamsha usiku mpaka ukung'ute mkono, huashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na jirani yake mara nyingi hutoka kwenye kiwiko: tazama kama unaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza siku nzima. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huongeza tatizo hilo la kifundo. Mausi iwe karibu na kibodi, kifundo kikae kimenyooka, na ganzi isipoisha nenda hospitali. KCMC, kwa mfano, wana fiziotherapia.

Pima presha, pima wingi wa damu, na useme ukweli kuhusu usingizi na mawazo. Kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mkono unaoishiwa nguvu, au mdomo kwenda upande: hayo ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Ninaweza kujijaribu mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza, na wengine imewasaidia kutulia. Weka ruta ndani ya boksi usione taa zake, zima Wi-Fi kwenye simu na kompyuta zote. Mwombe mtu wa nyumbani arushe sarafu kila jioni: kichwa awashe, mwenge azime, aandike kwenye daftari lake bila kukwambia. Wewe andika dalili zako kwenye lako. Baada ya wiki mbili au tatu linganisheni. Msichungulie.

Swali: Baba yangu ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Atumie kompyuta?

Jibu: Atumie, ila vitu vyenye sumaku, mfuniko wa laptopu na simu vikae angalau sentimita 15 kutoka kifuani. Asilaze laptopu juu ya kifua. Maelekezo ya daktari wake yanatangulia haya yangu.

Swali: Nikifika dukani kununua kibodi ya waya niangalie nini?

Jibu: Ichomeke palepale ujaribu vitufe vyote, hasa nafasi na kurudi nyuma, maana hivyo ndivyo hufa kwanza. Kama laptopu yako ni nyembamba ya kisasa, angalia ina tundu la aina gani. Huenda ukahitaji adapta ndogo. Waya uwe mrefu wa kukuruhusu kukaa mbali na mashine. Na mausi ikutoshe kiganja: zile ndogo za watoto huwakunja vidole watu wazima.