Kufiwa bila matanga: maswali ya waliopoteza wazazi wakati wa korona

Baba alifariki Mombasa Mei 2020, mimi nikiwa Nakuru. Sikumzika. Mbona hadi leo nikisikia simu nadhani ni yeye?

Makiwa. Kuanzia tarehe 8 Aprili hadi 7 Julai mwaka huo, Mombasa ilifungwa, haingiliki wala haitokeki, na mazishi yalikuwa ya watu wasiozidi 15. Ulizuiwa njiani, hukumtupa baba yako. Kifo tunakiamini kwa macho na mikono: kuiona sanda, kutia udongo kaburini, kukaa matangani siku tatu watu wakisimulia alivyokuwa, wengine hata wakicheka. Wewe ulipata simu tu. Moyo uliopata habari bila msiba huendelea kungoja.

Miaka imepita. Kukaa matanga sasa si kuchelewa?

La. Nenda kaburini na mtu aliyekuwepo siku ile, akueleze nani aliingia mwanandani, nani alisoma dua. Uliza hata lile unaloogopa kuuliza. Kisha someni hitima, pikeni, waiteni majirani zake wamtaje. Ukilia, lia, neno "jikaze" limewaumiza wafiwa wengi, hasa wanaume.

Nahisi mimi ndiye niliyemwambukiza mama.

Hili ndilo zito kuliko yote, na wengi wamelificha hata kwa ndugu zao. Virusi vya korona huweza kuambukizwa siku moja au mbili kabla mtu hajahisi chochote, na wapo wasioonyesha dalili kabisa. Huenda ni wewe, huenda ni dukani au msikitini; hakuna awezaye kujua. Ulimkaribia mama kwa sababu alikuwa mama yako. Litamke hili kwa mtu unayemwamini, maana likifichwa hukua.

Mtoto nimwambie nini?

Mwambie babu amekufa. Ukisema amesafiri, atamngoja mlangoni.

Nitafute msaada lini?

Huzuni haina tarehe ya kwisha. Lakini Shirika la Afya Duniani linatambua huzuni ya muda mrefu kuwa ugonjwa: hamu kali ya marehemu inayopita miezi 6, kuzidi desturi za jamii yako, na kukuzuia kazi, usingizi au kuishi na watu. Hapo muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Ukianza kutamani kufa, usingoje miezi: mwambie mtu leo, naye akupeleke hospitali na asikuache peke yako.