Tovuti Kumi Si Mashahidi Kumi: Dhana Potofu za Chemshabongo ya Besiboli

Ninahudumu kwenye dawati la maswali la maktaba ya umma hapa Marekani, na msimu wa besiboli ukianza tu huwa najua nani watakuja. Wanakuja na swali la chemshabongo mkononi na jibu tayari kichwani, wakitaka niwaambie tu kwamba wamepata. Nikiwauliza jibu wamelitoa wapi, wananijibu: "Liko kila mahali." Wiki hii nimelisikia neno hilo mara tatu. Basi leo naliandikia.

"Jibu likiwa kwenye tovuti nyingi, ni la kweli"

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Tovuti kumi zilizonakili kitabu kimoja ni shahidi mmoja anayejirudia mara kumi.

Chukua swali hili, linapendwa sana: ni mrushaji gani aliyekuwa akirusha Pete Rose alipompita Ty Cobb kwa wingi wa hiti, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji salama kwenye besi? Popote utakapotafuta utaambiwa ni Eric Show wa San Diego Padres, jijini Cincinnati, 11 Septemba 1985. Ni kweli siku hiyo Rose alifikisha hiti 4,192 na mchezo ukasimama ili watu wamshangilie. Cobb alihesabiwa 4,191. Watu wanaishia hapo.

Lakini mwaka 1910 mchezo mmoja wa Cobb uliingizwa mara mbili kwenye daftari la American League, akapata hiti mbili za bure. Mtakwimu Pete Palmer aliligundua kosa hilo miongo mingi baadaye, na gazeti la The Sporting News likalitangaza mwaka 1981. Kamishna wa besiboli wa wakati ule, Bowie Kuhn, alikataa kuibadilisha rekodi. Ndiyo sababu mwaka 1985 sherehe ilingoja hiti ya 4,192. Ukifungua tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference leo, Cobb ana 4,189. Kwa hesabu hiyo Rose alimpita siku tatu kabla, tarehe 8 Septemba, katika uwanja wa Wrigley Field jijini Chicago, na aliyekuwa akirusha ni Reggie Patterson wa Cubs. Mrushaji, mji na siku, vyote vimebadilika kwa sababu karani mmoja alirudia mstari miaka 75 kabla.

Kosa hilohilo limeuvuruga pia ubingwa wa upigaji, yaani wa wastani mkubwa wa hiti, wa mwaka 1910. Cobb na Nap Lajoie walikuwa wakigombea gari la kampuni ya Chalmers. Siku ya mwisho, kule St. Louis, mlinzi wa besi ya tatu alisimama nyuma mno, Lajoie akawa mara nyingi anaugusa mpira taratibu na kukimbia, akapata hiti nane katika michezo miwili. Hata hivyo ligi ilimtangaza Cobb, na Chalmers ikaamua kumpa kila mmoja gari lake. Uondoe ule mchezo uliorudiwa, Lajoie ndiye anayeongoza. Kwa hiyo ukiulizwa bingwa wa 1910 ni nani, kwanza uliza: kwa hesabu ya nani?

Nawaambia wageni wangu hadi nachoka: msitafute jibu, tafuteni siku. Ukishapata tarehe, nenda Retrosheet, kazi ya watu wa kujitolea ambao tangu 1989 wanakusanya kumbukumbu za michezo. Fungua jedwali la mchezo huo, jumlisha mwenyewe kwa kalamu, na uandike pembeni namba umeitoa wapi. Nikikutana na namba mbili zinazogombana mimi hufurahi, maana aghalabu mtunga swali amejificha papo hapo.

"Mchezaji wa kwanza mweusi ni Jackie Robinson"

Robinson aliuvunja ukuta wa ubaguzi tarehe 15 Aprili 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, na heshima hiyo hakuna wa kumpokonya. Lakini ukuta huo ulijengwa baada ya wengine kuwa wamekwisha kucheza. Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji wa Toledo mwaka 1884, katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Kabla yake, tarehe 21 Juni 1879, kijana William Edward White aliichezea Providence mchezo mmoja tu akishika nafasi ya mtu aliyeumia. Mama yake, Hannah, alikuwa mtumwa huko Georgia, na baba yake ndiye aliyekuwa bwana wa mama huyo. White mwenyewe aliishi akijulikana kama mzungu. Waliomfichua ni watafiti wa SABR, chama cha utafiti wa besiboli cha Marekani, na hawakumpata kwenye takwimu za besiboli. Walimpata kwenye daftari za sensa. Kwa hiyo soma swali neno kwa neno: "wa kwanza katika karne ya 20" na "wa kwanza" ni maswali mawili.

"Rekodi ya zamani haibadiliki"

Inabadilika. Mikimbio iliyoingia kutokana na upigaji wa Hack Wilson mwaka 1930 ilikuwa 190 hadi mwaka 1999, ikawa 191. Mwaka 2024 takwimu za Negro Leagues, ligi za weusi za enzi ya ubaguzi, ziliingizwa kwenye rekodi rasmi, na Josh Gibson, mchezaji wa ligi hizo, akakaa juu ya Cobb kwa wastani wa upigaji wa maisha, .372. Mwaka huohuo, 26 Agosti, Danny Jansen akawa mtu wa kwanza kuchezea timu zote mbili katika mchezo mmoja wa ligi kuu, kwa sababu mchezo uliokatizwa Juni ulimaliziwa baada ya yeye kuhama Toronto kwenda Boston. Kitabu cha maswali cha 2020 hakiwezi kukusaidia hapo.

"Nimeuliza akili mnemba, imenijibu"

Itakupa jina, mwaka na timu kwa lugha safi kabisa, hata kama mchezo huo haukuchezwa kamwe. Iombe tarehe, kisha ukaitafute tarehe hiyo mwenyewe.

"Jina halionekani, basi hakucheza"

Eddie Collins alianza mwaka 1906 kwa jina la Sullivan, maana alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Magazeti ya zamani nayo yakipigwa picha na kugeuzwa maandishi, kompyuta huzisoma herufi vibaya. Jina likikataa, achana nalo. Tafuta timu mbili na matokeo ya siku ile, halafu lisome jedwali lote kwa macho yako, mstari kwa mstari.